Binti Mfalme Juu ya Daftari: Karatasi Kuukuu za Meru na Embu Zinatuambia Nini?

Msomaji mpenzi, ukimwambia mtu kwamba wako watu wazima, wenye akili zao timamu na jamaa zao, wanaotafuta madaftari makuukuu ya shule kwa sababu jaladani pana picha ya Cinderella, atakucheka. Kwetu sisi daftari likishajaa limekwisha kazi. Karatasi zake hufungiwa njugu na bajia, na jalada huenda jikoni kuwashia moto. Ndivyo tulivyozoea huku pwani, na ndivyo walivyozoea wenzetu wa bara.

Hata hivyo watu hao wako. Mimi nimewakuta Meru na Embu, nchi ya mlimani ambako kazi iliniweka miaka mingi mbali na Mombasa kwetu. Hawana chama wala ofisi. Mmoja ni mwalimu wa kike aliyestaafu, anayekaa upande wa Embu. Mwingine ni kijana mwenye kibanda cha kutoa nakala mjini Meru. Wengine ni wauzaji wa vitabu vikuukuu, ambao zamani walikuwa wakizitupa karatasi za namna hii na sasa wameanza kuziweka kando. Wanavyovitafuta ni madaftari, pedi za kuandikia barua, bahasha, kadi za kuwatakia watoto heri ya mtihani, stika, rula na mikebe ya penseli, madhali viwe vya zamani na viwe na picha za zile filamu za katuni zilizotokana na ngano: Snow White na mbilikimo wake saba, Pinocchio, Cinderella, Sleeping Beauty, na zilizofuata baadaye kama vile The Little Mermaid na Aladdin.

Nimeona heri nilieleze jambo hili kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yanayotugusa sote. La kwanza ni namna hadithi za watu wa mbali zilivyoingia katika nyumba za mlimani, na hata katika nyumba zetu, bila ya kubisha hodi. La pili ni swali linalomjia kila anayeyafunua marundo hayo: mbona katika karatasi zote hizi hamna hadithi hata moja ya Wameru, wala ya Waembu, wala ya Waswahili?

DOLA MIA TATU

Kwanza tuuangalie mwanzo wa mambo. Wengi hudhani kwamba filamu ndizo zilizotangulia na vitu vya madukani vikafuata kama makombo ya karamu. Kisa chenyewe alikisimulia Walt Disney mwenyewe. Mwaka 1929 alipokuwa hotelini New York, alijiwa na mtu aliyetaka ruhusa ya kuweka sura ya Mickey Mouse juu ya pedi za kuandikia za watoto wa shule. Mtu huyo alitoa dola mia tatu taslimu. Disney alikuwa na haja ya fedha, akazipokea. Basi biashara hii ambayo leo imeenea dunia nzima, kwenye mikoba, fulana, vikombe na shuka za kitanda, ilianzia juu ya karatasi ya mwanafunzi.

Mwaka 1932 kazi ya kuuza ruhusa hizo alikabidhiwa mtu wa matangazo aitwaye Kay Kamen, naye akaifanya kwa ustadi mkubwa. Filamu ya Snow White ilipoonyeshwa mara ya kwanza Los Angeles mwezi wa Desemba 1937, bidhaa zake zilikuwa zimekwisha kutayarishwa. Tangu hapo ikawa ndiyo kanuni: filamu na vitu vyake hutoka pamoja, na mara nyingine picha ya daftarini humfikia mtoto kabla ya filamu yenyewe.

Sasa angalia hesabu hii. Hadithi ya Snow White haikuwa ya Disney. Ilichapishwa na ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, mwaka 1812, nao waliisikia kwa wasimulizi. Hadithi ya Cinderella na ya yule binti aliyelala miaka mia zilichapishwa na Mfaransa Charles Perrault mwaka 1697, naye pia alikuwa akiandika mambo yaliyokuwa vinywani mwa watu. Hadithi zilikuwa hazina mwenyewe, kama maji ya mto. Aliyekuja na mtungi wake akayateka, mtungi ukawa wake, na tangu siku hiyo anayetaka kunywa hulipia mtungi.

JINSI ZILIVYOPANDA MLIMANI

Sisi wa Mombasa tulikuwa na majumba yetu ya sinema, kama Regal, Majestic na Naaz, na wengi wetu tuliyazoea zaidi kwa filamu za Kihindi kuliko za katuni. Mlimani mambo yalikuwa mengine. Majumba ya sinema yalikuwa machache, na wanavijiji walingojea magari ya sinema ya serikali na ya makampuni, yaliyotundika shuka nyeupe uwanjani na kuonyesha filamu za afya na kilimo pamoja na matangazo ya sabuni. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, lakini nyumba zenye stima huko vijijini zilihesabika. Kanda za video zilikuja baadaye, katika miaka ya 1980, nazo zikaanzia mijini.

Karatasi haikungoja stima. Ilipanda na mabasi kutoka Nairobi ndani ya maboksi ya wenye maduka ya vitabu, ikapita Embu, Runyenjes, Chuka na Meru, ikafika hata Maua kwenye nchi ya miraa. Nyingine ilikuja na marobota ya mitumba, maana katikati ya nguo na vitabu kutoka Ulaya na Marekani huchanganyika kadi na pedi ambazo hazikutumiwa na wenyewe. Kwa njia hiyo mtoto wa Embu aliweza kumjua Cinderella kwa sura, na kiatu chake cha kioo, miaka mingi kabla ya kuiona filamu ya Cinderella ya mwaka 1950, na pengine asiione kabisa.

Vitovu vya karatasi hizi vilikuwa shule za bweni. Nchi ile ina shule nyingi za namna hiyo, za wavulana mbali na za wasichana mbali, na kabla ya simu za mkononi barua ndiyo iliyokuwa njia pekee ya mtu kumfikia mwenziwe. Barua ya kumtaka mtu urafiki haikuandikwa kwenye ukurasa uliochanwa katika daftari la hesabu. Ilitakiwa pedi yenye rangi, na kama ina manukato ndiyo bora zaidi, pembeni pana binti mfalme au kasri lenye minara. Mwalimu mstaafu niliyemtaja aliniambia kwamba katika siku zake za kukagua barua za wanafunzi, alikuwa akiijua barua yenye hatari kwa bahasha yake kabla ya kuifungua.

Kadi za mtihani nazo zilikuwa na msimu wake. Ikifika Septemba na Oktoba, mbele ya kila duka la vitabu kulitundikwa kadi kwa kamba, kama nguo zilizoanikwa. Baba, mama, shangazi, mjomba na majirani kila mmoja alimpelekea mtoto yake. Nyingi zilikuwa na maua au kitabu na kalamu, lakini nyingine zilikuwa na hao mabinti wa katuni, wakimtakia mtoto wa Kangaru au Kaaga mafanikio katika jiografia.

KUJUA UMRI WA KARATASI

Mtu asiyejua atauliza: utajuaje kwamba kitu hiki ni cha zamani na si cha juzi? Hapa ndipo wakusanyaji wanapokuwa wanazuoni wa aina yao. Nimekaa nao nikajifunza mawili matatu.

Alama ya kwanza ni jina lililochapishwa kwa herufi ndogo chini ya picha. Kampuni ile iliitwa Walt Disney Productions mpaka mwaka 1986, ndipo ikawa The Walt Disney Company. Kwa hiyo karatasi yenye jina lile la kwanza aghlabu ni ya kabla ya mabadiliko hayo.

Alama ya pili ni jina la mtihani kwenye kadi. Kadi yenye herufi CPE ni ya kabla ya 1985, kwa kuwa mwaka huo ndio KCPE ilipoanza. Yenye KCSE haiwezi kuwa ya kabla ya 1989.

Ya tatu iko mgongoni mwa daftari, pale penye jedwali la kuzidisha. Penye inchi, pauni na galoni pana umri mkubwa kuliko penye mita, kilo na lita peke yake.

Ya nne ndiyo inayowapendeza zaidi. Karatasi nyingi za zamani hazina jina la kampuni yoyote. Zilichorwa upya na mafundi wa viwanda vya uchapaji wa humu humu, bila ya ruhusa, kwa kuangalia kitabu au kadi ya kigeni. Basi utamwona Snow White mwenye macho yasiyolingana, mbilikimo watano badala ya saba kwa sababu nafasi haikutosha, au Cinderella aliyevaa gauni lenye rangi mbili tu kwa kuwa mchapaji alitaka kuokoa wino. Kule Marekani mkusanyaji angezitupa. Kijana wa Meru huzithamini kuliko zile safi, na sababu anayoitoa ni nzuri. Anasema ile safi inapatikana popote duniani, lakini yenye makosa ni yetu, kwani ndani yake mna mkono wa fundi wa Kenya aliyekuwa akijaribu kuelewa kitu ambacho hakukiona.

Maadui wa hazina hii ni wengi. Mvua mbili za mwaka huleta ukungu, mchwa hula kutoka chini, panya kutoka juu, pini za katikati hushika kutu na kuacha doa jekundu, na wenye nia njema hubandika utepe wa gundi ambao baada ya miaka hugeuka kahawia na kuila karatasi. Lakini adui mkubwa ni kuhama nyumba. Mzee akifariki, watoto hugawana shamba na ng'ombe, na sanduku la karatasi huchomwa siku ile ile ya kusafisha nyumba.

MSIMU ULIOKWISHA

Hapa ndipo jambo hili linapokuwa habari ya leo. Karatasi hizi hazitazaliwa tena. Barua za mkono zimekwisha kwa ajili ya simu. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku ziara na siku za maombi shuleni katika muhula wa tatu, ili kuzuia wizi wa mitihani, wauzaji wa kadi walipata pigo. Kisha mwaka 2023 KCPE yenyewe ikafanywa kwa mara ya mwisho kwa kuupisha mtaala mpya. Watoto wa leo wanafanya mitihani yenye majina mengine, na salamu za heri huja kwa ujumbe wa simu unaofutika kabla ya matokeo kutoka.

Wakati huo huo mabinti wa katuni hawakuondoka. Wamebadilisha makazi tu. Tangu filamu ya Frozen itoke mwaka 2013, yule Elsa wa barafu amekaa juu ya mikoba ya shule toka Mandera hadi Likoni. Watoto wa Meru, ambao wakiamka asubuhi isiyo na mawingu huona theluji ya kweli juu ya mlima wao, theluji inayozidi kupungua mwaka hadi mwaka, hujifunza habari za theluji kwa mkoba uliotoka China. Na mwaka 2025 Disney ilimrudisha Snow White katika filamu mpya ya waigizaji watu, kukawa na mabishano makubwa ya magazetini huko kwao kama vile binti huyo ni mali ya taifa.

HADITHI AMBAZO HAZIKUPATA JALADA

Narudi sasa kwenye swali nililoliweka mwanzo. Je, nchi ile haina hadithi? Inazo, tena moja inaanzia kwetu.

Wazee wa Kimeru husimulia kwamba asili yao ni mahali paitwapo Mbwaa, kisiwa kilichokuwa kwenye maji makubwa. Baadhi ya wanahistoria, akiwemo Jeffrey Fadiman aliyekusanya masimulizi ya Wameru, wamekielekeza upande wa kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Huko walitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Watu hao waliwapa mitihani isiyowezekana, na asiyeweza aangamizwe. Mmoja wa mitihani hiyo ulikuwa kutengeneza kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Mwingine ulikuwa mkuki wa kufika mbinguni. Cha viatu walikiweza kwa hekima, kwa kuitumia ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Walipoona mitihani haiishi wakatoroka, na walipofika majini kiongozi wao akayapiga maji kwa fimbo yake yakapasuka. Waliovuka usiku, waliovuka alfajiri na waliovuka jua limekwisha kuchomoza wakawa mafungu matatu, meusi, mekundu na meupe.

Msomaji atakikumbuka mara moja kisa cha Nabii Musa, alayhi salaam, na wataalamu wamebishana sana juu ya mfanano huo. Lakini mimi nilichokiona kwanza ni kile kiatu. Cinderella ana kiatu cha kioo, na dunia nzima inakijua. Wameru wana kiatu cha manyoya pande mbili, ambacho hakimchagulii msichana mume bali kinaokoa kabila zima. Ni watoto wangapi wa Meru leo wanaokijua? Nimewauliza wengi madukani, na walionijibu kwa hakika walikuwa wachache mno.

Lazima pia tuseme kweli. Ikiwa Mbwaa ilikuwa kwenye pwani yetu, basi katika hadithi hii wenye nguo nyekundu huenda wakawa ndio wazee wetu, na sisi ndio majitu ya ngano ya wenzetu. Si jambo la kufurahisha kulisikia. Lakini ni bora tulisikie kwa vinywa vyao kuliko tusilisikie kabisa, kwani jirani asiyejua anasimuliwaje kwa jirani hajui kwa nini salamu zake huitikiwa kwa baridi.

Embu nao wana yao. Karibu na Runyenjes kuna kichaka kitakatifu kiitwacho kwa jina la Mwenendega, ambaye Waembu humtaja kuwa mzee wao wa kwanza, aliyemkuta mwanamke mzuri kwenye maji, akamwoa, na kutoka kwao likatoka kabila. Ukiisoma The Little Mermaid ya Mdenmark Hans Christian Andersen, aliyoichapisha mwaka 1837 na ambayo Disney aliifanyia filamu mwaka 1989, utaona kwamba mwanamke wa majini si mgeni Runyenjes. Kichaka kipo, miti ipo. Ila hakuna daftari lenye picha yake katika mkusanyo wowote nilioufunua.

Na sisi? Kila mtoto aliyelelewa na bibi pwani anajua kuitikia "pakawa" akiambiwa "paukwa". Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, na mojawapo ni ya Sultani Darai. Maskini anachakura jaani kama kuku, anaokota thumuni, ananunua paa. Paa yule anasema kama mtu. Kwa werevu wake anamposea bwana wake binti sultani na kumpatia jumba la nyoka wa vichwa saba. Kisha paa anaugua, na yule bwana aliyetajirishwa naye anakataa hata kumpa uji mzuri. Paa anakufa, na bwana anazinduka yuko jaani pale pale. Wazungu wana hadithi ya namna hii hii ya paka mwenye viatu, katika kitabu kile kile cha Perrault. Lakini paka wao anaishia kuwa bwana mkubwa, na mwenye paka hapati adhabu yoyote. Yetu inamwambia mtoto kwamba asiyeshukuru hupokonywa. Sijui ni baba gani asiyetaka mwanawe aandike hesabu zake juu ya jalada lenye funzo hilo.

ALADDIN ANAPORUDI AKIWA MGENI

Kwa wasomaji wetu liko jambo linalouma zaidi. Katika karatasi za Meru, zile za miaka ya 1990 zimejaa Aladdin, wa filamu ya 1992. Kisa cha Aladdin kilitoka Mashariki. Mfaransa Antoine Galland alikisikia Paris mwaka 1709 kwa kijana Mkristo wa Halab, Hanna Diyab, akakitia katika tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela, ijapokuwa hakimo katika hati za kale za Kiarabu. Huku kwetu Alfu Lela Ulela ilikwisha kusomwa kwa Kiswahili tangu enzi ya ukoloni. Hata filamu ndefu ya katuni iliyo kongwe kuliko zote zilizosalia, ya mwaka 1926, kabla ya Snow White kwa miaka kumi na moja, ilitokana na hadithi hizo hizo. Ni ya bibi wa Kijerumani, Lotte Reiniger, juu ya mwana mfalme Achmed, naye aliifanya kwa vivuli vya karatasi alizozikata kwa mkasi.

Basi hadithi yetu ilikwenda Paris, ikaenda Hollywood, ikarudi. Iliporudi ilikuwa na mji wa uongo uitwao Agrabah, na wimbo wa kufungulia uliosema kwamba huko hukatwa mtu sikio kwa sababu ndogo. Waarabu wa Marekani walilalamika, na katika kanda zilizotolewa mwaka 1993 maneno hayo ya sikio yalibadilishwa. Ni ushahidi kwamba malalamiko husaidia. Lakini ni ushahidi pia kwamba anayekushikia kalamu atakuchora apendavyo, nawe utabaki kuomba afute.

Vivyo hivyo kwa lugha. Maneno "hakuna matata" yaliimbwa na Them Mushrooms wa Mombasa katika wimbo wao wa Jambo Bwana mwaka 1982. Baada ya filamu ya The Lion King kutoka mwaka 1994, Disney iliomba yawe alama yake ya biashara kwa nguo huko Marekani, ikakubaliwa mwaka 2003, na mwaka 2018 watu wengi wakatia saini kulipinga jambo hilo. Hakuna anayetukataza kuyasema. Lakini ni ajabu mtu kununua maneno ya mama yake dukani.

WENYE KUPINGA

Najua wako watakaosema kwamba haya yote ni upuuzi na israfu, na kwamba mtu mwenye fedha za kununulia kadi kuukuu angewanunulia mayatima madaftari mapya. Neno hilo lina uzito, na mwenye kuweza na afanye yote mawili. Wako watakaosema kwamba picha za viumbe hazifai. Hiyo ni mas'ala ya masheikh, nao wameieleza kwa kauli zao, mimi siingii humo, ila nakumbusha kwamba jalada laweza kupambwa kwa jahazi, kwa mlango wa Lamu, kwa kiatu cha Mbwaa au kwa kichaka cha Mwenendega bila ya sura ya mtu.

Wengine watasema hadithi za kigeni hazidhuru. Nakubali kwamba hazidhuru kwa kuwako kwake. Mtoto akimpenda Cinderella hakuna ubaya. Dhara iko katika upweke wake. Mtoto akiona kwamba kila hadithi iliyostahili kuchapishwa ilitoka ng'ambo, atahitimisha mwenyewe, bila ya kufundishwa, kwamba za bibi yake hazikustahili. Na bibi naye, akiona mjukuu hasikilizi, hunyamaza. Lugha nyingi na visa vingi vimekufa kwa ukimya wa namna hiyo, bila ya mtu yeyote kuvipiga marufuku.

LA KUFANYA

Maoni yangu ni haya. Kwanza, karatasi zilizopo zihifadhiwe. Meru ina jumba la makumbusho katika ofisi ya zamani ya wakoloni, na nchi ile ina vyuo vikuu, cha Embu na vya Meru, vyenye maktaba. Sanduku moja la madaftari na kadi halitawazidi nguvu. Barua za watu zifichwe majina yao, maana siri ya mtu ni amana. Atakayeandika kesho historia ya watoto wa Kenya atazihitaji kuliko hotuba za wakubwa.

Pili, wachapaji wafikirie faida yao. Tangu Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, anayeweka sura ya Elsa kwenye daftari bila ya idhini anahatarisha mali yake. Mwenendega haombi idhini ya New York. Paa wa Sultani Darai halipishi dola mia tatu. Hadithi hizi ni maji ya mto wetu wenyewe, na anayetaka kuteka na aje na mtungi wake. Liliwezekana katika filamu: mwaka 2010 katuni za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo wa wachoraji wa Dar es Salaam, zilionyeshwa Uingereza, na watoto wa Kizungu wakazipenda. Kama kobe na sungura wetu waliweza kufika London, hawashindwi kufika Chuka.

Tatu, na hili halihitaji serikali wala kiwanda, wazazi wasimulie. Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Mwalimu yule wa Embu ana desturi ambayo naiona njema kuliko sera nyingi. Kila mjukuu akimletea daftari lenye picha ya kigeni, yeye hamkatazi. Humwambia aisimulie hadithi ya picha hiyo kwa ukamilifu, kisha naye humlipa kwa hadithi moja ya Kiembu, na mtoto huichora kwenye jalada la nyuma, palipokuwa na jedwali la kuzidisha. Nimeyaona baadhi ya madaftari hayo. Mbele yuko binti mfalme wa Disney, amechapwa kwa rangi nne. Nyuma uko mto, na mtu amesimama ukingoni, amechorwa kwa penseli ya kijani na mkono wa mtoto wa miaka minane. Kama mimi ningekuwa mkusanyaji, hayo ndiyo ningeyatafuta kwanza.